Maurice Stokes alianguka, akazinduliwa, akarudishwa uwanjani

Haya ndo niliyoongea Jumamosi tulipokutana na wazazi na makocha wa timu yetu ya basketi kabla ya msimu kuanza. Kuna watu hawakuweza kufika wakaniomba niyaandike, basi nimeyaandika vile vile nilivyoyasema, sijapamba kitu.

Wazazi shikamooni. Makocha wenzangu, za asubuhi. Na nyie vijana mliokaa huko nyuma, naomba mipira isidunde mpaka nimalize, leo nina habari ya mtu mmoja tu na nataka muisikie yote.

Naanza na letu wenyewe kwanza. Mwaka jana kwenye mazoezi kijana wangu mmoja, jina silitaji maana yupo humu na mama yake yupo humu, aliruka kugombea ribaundi, yaani mpira uliokosa goli ukarudi, akapigwa kikumbo hewani, akadondoka chali na kisogo kikagonga sakafu. Ile sauti wote tuliisikia. Akalala pale kama sekunde kumi hivi, macho yapo wazi lakini hayaangalii kitu. Kocha nilikuwa mimi. Nikammwagia maji, nikamuuliza upo sawa, akasema nipo sawa kocha, nikapiga makofi nikamwambia haya simama rudi, akarudi, akacheza dakika zote zilizobaki. Usiku mama yake akanipigia simu, mtoto anatapika, anauliza swali lile lile mara tatu mara nne, hakumbuki kama amekula. Wakampeleka hospitali akalazwa siku mbili. Alhamdulillahi akapona, ndo huyo leo anakimbia kuliko wote. Ila mimi usingizi uliniruka wiki nzima, nikaanza kusoma habari za watu waliogonga kichwa uwanjani, na katika kusoma kule ndo nikakutana na huyu mtu, Maurice Stokes. Na tangu nimekutana naye sijaweza kumwacha.

Kuna nyota wa zamani wa basketi ya Marekani. Wangapi humu mnamjua Bill Russell? Naona mikono. Wilt Chamberlain? Wengi. Stokes? Naona mkono mmoja, na huyo nilimpa mimi mwenyewe habari zake wiki iliyopita. Sasa sikilizeni.

Maurice Stokes alizaliwa tarehe 17 Juni 1933 Rankin, kamji kadogo ka viwanda vya chuma pembeni ya Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania kule Marekani. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha chuma, mama yake alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Alikuwa na pacha wake wa kike na ndugu wengine. Akiwa bado mdogo wakahamia Homewood, mtaa wa ndani ya Pittsburgh, akasoma sekondari inaitwa Westinghouse. Na hiyo Westinghouse sio shule ya mchezo mchezo kwa basketi, hapo hapo ndo alipotoka Chuck Cooper, yule ambaye mwaka 1950 alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kabisa kuchaguliwa na timu ya NBA, ile ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani, akachukuliwa na Boston. Kwaiyo mtoto wa Westinghouse wa miaka ile alikuwa na mtu wa kumtazama, kaka wa shule yao kabisa ameshapita mlango ambao mpaka juzi ulikuwa umefungwa kwa watu wa rangi yake.

Na kitu kimoja nataka nyie mnaokaa benchi mkisikie vizuri: Stokes alikuja juu taratibu. Miaka yake ya mwanzo pale shuleni hakuwa hata kwenye wale watano wa kuanza. Baadae ndo mwili ukaja, mikono ikaja, na timu yao ikawa bingwa wa shule za jiji.

Alafu ikaja chuo. Hapa ndo nakaa kidogo, maana nchi ile chuo ndo kila kitu kwenye huu mchezo na miaka ile ndo ilikuwa zaidi, mechi za chuo zilijaza watu kuliko hata za kulipwa. Stokes mwaka 1951 akaenda Saint Francis, chuo kidogo sana cha Wakatoliki kipo Loretto. Ukisema Loretto watu wa Pennsylvania wenyewe wengine wanauliza ipo wapi, ni kijiji juu ya milima ya Allegheny, baridi kali, theluji, mapadri na mabruda Wafransisko ndo wanaendesha chuo tangu 1847. Kijana mweusi kutoka mtaa wa jiji anapanda mlima kwenda kuishi na wazungu watupu na watawa wao. Wenzake weusi pale walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Na akapapenda. Hilo la kupapenda liwekeni akilini, nitalirudia mwishoni.

Sasa mchezo wake. Alikuwa na futi 6 na inchi 7, yaani mita 2 na kidogo, na uzito unaopita kilo 105, mtu mzima kweli kweli. Enzi zile mtu wa umbo hilo kazi yake ilikuwa moja, simama chini ya goli, inua mikono, pokea mpira, geuka, funga. Stokes hakucheza hivo. Akishachukua ribaundi hatafuti mtu mfupi wa kumpa mpira, anaudunda mwenyewe, anaupeleka mbele mwenyewe, na akifika mbele anatoa pasi ambayo hata anayepokea hajaitegemea. Watu wa zamani waliomwona wakija kumwona yule nyota Magic Johnson miaka ya themanini wakasema huyu tulishamwona, anaitwa Stokes, na alikuwa mpana zaidi.

Kwa miaka minne pale Loretto alifunga pointi 2,282 na kuokota ribaundi 1,819. Msimu wa mwisho, 1954 kuingia 1955, wastani wake ulikuwa pointi 27.1 na ribaundi 26.2 kwa mechi. Rudieni hiyo namba ya pili vichwani. Ishirini na sita. Sisi hapa mtu akipata kumi tunambeba.

Sasa chuo kidogo kama kile kilikuwa kinafanya nini na mtu kama huyo? Kilimpeleka New York. Kulikuwa na mashindano ya vyuo yanaitwa NIT, yanachezwa ukumbi wa Madison Square Garden, na miaka ile NIT ilikuwa na heshima kubwa sana, sio kama sasa ambapo ni ya waliokosa NCAA, yale mashindano makubwa ya vyuo. Machi 1955 Saint Francis wakaenda, kijiji kinaingia jijini. Wakawapiga Seton Hall. Wakawapiga Holy Cross. Nusu fainali wakakutana na Dayton, timu ndefu, timu nzito, na Stokes peke yake akafunga pointi 43, mechi ikaenda dakika za nyongeza, wakafungwa 79 kwa 73. Basi wakabaki na mechi ya kugombea nafasi ya tatu, ile mechi ambayo kila mchezaji anaichukia, na hiyo nayo ikaenda nyongeza na hiyo nayo wakafungwa, 96 kwa 91. Kwaiyo wakamaliza wa nne. Wa nne kati ya timu zote. Na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano yote wakampa nani? Wakampa Stokes. Bingwa alikuwa Duquesne, chuo cha Pittsburgh kwao, wenye kombe wamekaa pale, na tuzo inakwenda kwa mtu wa timu ya nne. Mimi nimefundisha miaka mingi sijawahi kuona refa, mwandishi, wala kamati inafanya kitu kama hicho bila ugomvi, na nijuavyo mimi hakuna aliyesema wamekosea.

Na ile mechi ya mshindi wa tatu, waliowafunga walikuwa Cincinnati, na kwenye Cincinnati kulikuwa na kijana mzungu mwenye shuti la mbali la hatari anaitwa Jack Twyman. Naye ni mtoto wa Pittsburgh huyo huyo, ila wa sekondari nyingine ya Wakatoliki. Kwaiyo wanafahamiana, wametoka jiji moja, wamegombania mpira pale New York, na miezi michache baadae timu moja, Rochester Royals, inawachukua wote wawili. Stokes alikuwa wa pili kuchaguliwa nchi nzima mwaka ule wa 1955, Twyman raundi ya pili. Shikeni hilo jina, Twyman.

Rochester ni mji wa kaskazini wa jimbo la New York, na timu ile haikuwa na pesa. Mechi yake ya kwanza kabisa ya kulipwa, dhidi ya New York Knicks, Stokes akafunga 32, ribaundi 20, pasi za goli 8. Mechi ya kwanza jamani. Mwisho wa msimu akawa mchezaji mpya bora wa mwaka. Mwaka wa pili akaokota ribaundi 1,256, na hakuna mtu kwenye ligi ile aliyewahi kuokota nyingi hivo kwa msimu mmoja kabla yake. Misimu yake ilikuwa mitatu na yote mitatu alicheza mechi ya nyota, ile ya wachezaji bora wa ligi nzima. Alikuwa anakaa juu kwenye orodha ya ribaundi na hapo hapo anakaa juu kwenye orodha ya asisti, yaani pasi za goli, vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai kwa mtu mmoja. Mwaka 1957 timu ikahamia Cincinnati, mji ule ule Twyman aliosomea chuo.

Haya. Tarehe 12 Machi 1958. Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, wanacheza Minneapolis na Lakers, ndo Lakers walikuwa kule wakati huo. Stokes anaingia kwa kasi kwenda golini, anagongana na mtu, anapoteza balansi hewani, anaanguka na kichwa kinapiga sakafu. Akazimia. Sio kizunguzungu, alizimia kabisa, dakika kadhaa. Timu za enzi zile hazikusafiri na daktari. Wakamletea zile chumvi za kunusa, zile zenye harufu kali ya kuzindua mtu, akazinduka, akakaa kidogo, akarudi uwanjani.

Akarudi uwanjani.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilifunga simu nikatoka nje. Maana mimi nilitumia maji na wao walitumia chumvi lakini kitu tulichofanya ni kimoja. Na wala hawakuwa watu wabaya, hakuna mtu pale aliyemchukia Stokes, alikuwa mtu wa kupendwa na kila mtu, ndo maana naogopa zaidi, sababu hii hatari haihitaji mtu mbaya, inahitaji tu mtu anayetaka kushinda na mtu anayesema nipo sawa. Na mchezaji siku zote atasema yupo sawa. Nyie nawajua. Ubongo uliogongwa ndo huo huo unaouliza hali yake, utakujibu nini?

Siku tatu baadae, Machi 15, mchujo unaanza, Detroit. Stokes hajisikii vizuri lakini akacheza, akafunga 12, ribaundi 15, kwake hiyo ilikuwa mechi mbaya. Timu ikapanda ndege usiku kurudi Cincinnati. Ndani ya ndege akaanza kutokwa jasho, akatapika, akamwambia mwenzake najisikia kama nakufa, kisha mwili ukakakamaa akapata degedege, wakampa hewa ya oksijeni mpaka ndege ikatua, uwanja wa ndege wa Cincinnati upo ng'ambo ya mto upande wa Kentucky, wakamkimbiza hospitali ya karibu pale Covington. Akaingia kwenye koma. Alikuwa na miaka 24.

Alipokuja kuzinduka hakuweza kusogeza kidole. Wala kuongea. Ubongo ulikuwa umeumia ile sehemu inayotuma amri kwa misuli, lakini sehemu ya kufikiri ilibaki nzima. Naomba mnielewe hapo, nzima kabisa. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, anakumbuka kila mechi, ila yupo ndani na mlango umefungwa kwa nje. Watu walikuwa wanaongea juu yake kitandani kama hayupo, na yeye yupo.

Na pesa? Ligi haikuwa na bima ya kumtibu mchezaji aliyepooza. Haikuwa na pensheni. Alikuwa na akiba yake benki lakini mtu asiyeweza kusaini wala kutamka jina lake hawezi kutoa hata senti. Wazazi wake wapo Pittsburgh, watu wa kipato kidogo, wazee, hawawezi kuhamia Cincinnati. Bili za hospitali zinakuja kila wiki. Na timu, msimu ukiisha wachezaji wanatawanyika kila mtu kwao, aliyekuwa anaishi Cincinnati mwaka mzima alikuwa mmoja tu.

Jack Twyman. Miaka 23, ana mke na watoto wadogo, mshahara wa kawaida wa mchezaji wa enzi hizo na kazi ya kuuza bima pembeni. Akaenda mahakamani akaomba awe msimamizi wa kisheria wa Maurice Stokes. Mzungu wa miaka 23 anakuwa mlezi wa mtu mweusi wa miaka 24, Marekani, mwaka 1958, mjini ambapo ukivuka daraja tu upo jimbo la kusini, kule kwenye ubaguzi wa rangi. Mahakama ikakubali. Na wala hawakuwa marafiki wa kufa na kuzikana kabla ya hapo, walikuwa wachezaji wenzake tu, wanaheshimiana, basi. Watu walipokuwa wanamsifia baadae alikuwa anajibu kwamba mtu yeyote angefanya. Mimi siamini kwamba mtu yeyote angefanya. Wangapi tungeenda hospitali mara mbili, mara tatu, na chungwa kwenye mfuko, alafu tukapunguza, alafu tukawa tunauliza tu hali yake kwa watu?

Jinsi walivyoongea ndo iliniliza. Twyman anakaa pembeni ya kitanda anataja alfabeti, A, B, C, D, taratibu, akifika kwenye herufi anayoitaka Stokes anapepesa jicho. Herufi moja. Wanaanza tena. A, B, C. Hebu jaribuni leo usiku nyumbani kuuliza mtu anataka maji kwa njia hiyo, muone inachukua muda gani.

Alafu Twyman akageuka mtu wa makaratasi. Akapigania fidia kwa jimbo la Ohio, hoja yake ni nyepesi kabisa, huyu mtu aliumia kazini, basketi ilikuwa ajira yake kama vile baba yake kiwandani, kwaiyo fidia ya wafanyakazi inamhusu. Leo inaonekana kitu cha wazi, wakati ule watu walikuwa wanaona mchezaji anacheza tu, hafanyi kazi. Akashinda. Na pengo lililobaki akaliziba kwa mechi ya hisani, kulikuwa na hoteli ya mapumziko inaitwa Kutsher's kule Monticello, milima ya Catskill, mwenye hoteli akajitolea, na kuanzia kiangazi cha 1958 kila mwaka nyota wa ligi wanakwenda pale kucheza mechi moja ya kumchangia Stokes, bila malipo. Wilt Chamberlain alikuwa anakwenda. Wakubwa wote mnaowajua walipita pale. Na Stokes mwenyewe alipopata nafuu kidogo akawa anapelekwa, anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu pembeni ya uwanja anaangalia.

Maana alipata nafuu, tena kwa kuitafuta. Mazoezi kila siku, miaka na miaka, wauguzi wanamfunga vyuma miguuni asimame sekunde chache. Akajifunza tena kutoa maneno machache kwa shida, akajifunza kuchora, akajifunza kugonga taipureta kidole kimoja kimoja. Na alipoweza kuigonga barua aliyoiandika ilikuwa ya kumshukuru Jack.

Huku nako Twyman anacheza mpira wake, msidhani aliacha. Msimu wa 1959 kuingia 1960 alikuwa na wastani wa pointi 31.2 kwa mechi. Yeye na Chamberlain ndo watu wa kwanza kuvuka wastani wa 30 kwenye ligi ile, msimu huo huo wote wawili, na mechi moja akafunga 59. Anatoka hospitali anakwenda uwanjani, anatoka uwanjani anarudi kwenye bili. Alicheza mpaka 1966 na akaendelea kuwa mlezi.

Wachezaji wa ligi nzima nao macho yaliwafunguka. Januari 1964 pale Boston nyota wote walijifungia chumba cha kubadilishia nguo wakasema mechi ya nyota haichezwi, na inaoneshwa kwenye televisheni, mpaka wahakikishiwe pensheni. Wakahakikishiwa. Sisemi ni kwa ajili ya Stokes peke yake, yalikuwepo mengi, lakini kila mmoja mle ndani alikuwa anajua kuna mtu wa Cincinnati kitandani na walikuwa wanajua bili zake zinalipwaje.

Stokes alifariki tarehe 6 Aprili 1970, moyo ulisimama, miaka 36. Miaka 12 na wiki tatu tangu ile ndege. Takwimu zake za kulipwa zipo pale pale zilipoachwa 1958, mechi 202, na wastani kwa mechi pointi 16.4, ribaundi 17.3, asisti 5.3. Alizikwa wapi? Alishaomba mwenyewe. Sio Pittsburgh kwao, sio Cincinnati alikopata jina. Loretto. Kule mlimani, kwenye makaburi ya watawa Wafransisko, ndani ya eneo la chuo. Nimeliwaza sana hili. Mtu amelala kitandani miaka 12, kichwa kizima, ana muda wote wa dunia wa kuchagua sehemu aliyokuwa na furaha, na anachagua kile chuo kidogo chenye theluji ambacho watu hawajui kipo wapi. Mapadri wakampokea kama ndugu yao. Jengo la michezo la chuo kile leo lina jina lake.

Mwaka 2004 ndo wakamwingiza kwenye Ukumbi wa Heshima wa basketi pale Springfield, Massachusetts. Miaka 34 baada ya kufa, wamechelewa sana na mimi nalisema wazi kwamba wamechelewa, Twyman mwenyewe alishaingia tangu 1983. Aliyepanda jukwaani kupokea kwa niaba ya Stokes ni yeye Twyman, mzee wa miaka 70. Twyman alifariki 2012, na mwaka uliofuata NBA wakaanzisha tuzo ya mchezaji mwenza bora wa mwaka, wakaiita kwa majina yao wawili, Twyman na Stokes.

Sasa narudi kwetu alafu namaliza. Msimu huu kuna kitu kinabadilika na sijadili na mtu. Mchezaji akigonga kichwa, awe amezimia asizimie, anatoka na siku hiyo harudi, hata kama ni fainali, hata kama tumebakiza pointi moja, hata kama analia. Kesho yake pia hachezi, wala kesho kutwa, mpaka daktari aseme. Na tukimwona kichwa kinamuuma kinazidi, anatapika, amelegea, anasinzia ovyo, anarudia maneno, anaongea kama mlevi, hapo hatungoji asubuhi, tunampeleka hospitali saa hiyo hiyo. Na nyie wachezaji, ukimwona mwenzako anaficha kwamba ameumia, nenda kaseme, usiniambie wewe sio mchongezi. Twyman alikuwa mchezaji mwenzake tu.

Pale mlangoni juu ya meza kuna karatasi. Kila mzazi naomba aandike namba mbili za simu, ya kwake na ya mtu mwingine anayepatikana usiku. Alafu kila mechi nataka mtu mmoja mzima akae benchi pembeni yangu, asiwe kocha, asijali nani anaongoza, kazi yake kuangalia watoto wakianguka. Akisema huyu atoke, anatoka, na mimi sina ruhusa ya kubishana naye. Mechi ya kwanza nimeshapata mtu. Ni yule mama aliyenipigia simu usiku ule.